Mzio Mkali Shuleni na Dakika za Kabla ya Zahanati

Shule nyingi za Afrika Mashariki zikiambiwa kwamba mwanafunzi fulani ana aleji kali, hufanya moja kati ya mambo mawili. Ama humwambia mzazi amfungashie mtoto chakula cha nyumbani asile cha shule, ama huandika jina lake kwenye daftari la ofisini na habari ikaishia hapo. Shule za mijini zenye ada kubwa huongeza la tatu, ambalo ni kupiga marufuku karanga. Yote matatu yana nia njema, na yote matatu yanalenga kumzuia mtoto asikutane na kinachomdhuru. Hoja ya makala hii ni kwamba ulinzi unaoanza na kuishia kwenye kuzuia umejengwa mahali dhaifu. Mtoto mwenye mzio mkali hulindwa kwanza na mtu mzima aliye karibu, anayezijua dalili na mwenye adrenalini ya kuchoma ndani ya dakika chache. Kuzuia kunafuata, tena kwa kiasi chake. Na vitu vinavyohitajika kwa kazi hiyo, yaani dawa, watu wa kuitoa na hata mazoea ya kutoa dawa shuleni, tunavyo tayari, ila havijakutanishwa.

Tuanze na mwendo wa ugonjwa wenyewe, maana mengine yote yanategemea saa. Mzio hutokea pale kinga ya mwili inapokishambulia kitu ambacho kwa watu wengine hakina madhara: maziwa, yai, karanga, kamba, sumu ya nyuki, dawa fulani. Mara nyingi matokeo yake ni mabaka ya kuwasha na midomo kuvimba, basi. Lakini ipo hali ambayo mwili mzima huitikia kwa pamoja. Koo linavimba, kifua kinabana kama cha mwenye pumu, mtoto anatapika, mapigo ya moyo yanakwenda mbio, kisha shinikizo la damu linaporomoka. Madaktari huiita anafilaksia, jina lililotungwa mwaka 1902 na Wafaransa Charles Richet na Paul Portier. Richet alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi hiyo mwaka 1913. Daktari Richard Pumphrey alipochambua vifo vya namna hiyo nchini Uingereza, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, aliona kwamba kwa waliodhurika na chakula muda wa kati hadi moyo au pumzi kusimama ulikuwa dakika 30. Kwa walioumwa na nyuki au nyigu ulikuwa dakika 15. Hizo ni namba za katikati, na wapo waliokwenda haraka zaidi. Mtoto aliyeumwa na nyuki mwanzoni mwa mapumziko anaweza kufikia hatua hiyo kabla kengele ya kurudi darasani haijagongwa.

Dawa inayobadilisha mwendo huo ni moja: adrenalini, ichomwe kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Hubana mishipa ya damu iliyolegea, hufungua njia za hewa na kuupa moyo nguvu. Mahali pa kuchoma nako si suala dogo. Estelle Simons wa Kanada na wenzake waliwapima watoto mwaka 1998 wakaona kwamba adrenalini iliyochomwa kwenye msuli wa paja ilifikia kiwango chake cha juu katika damu baada ya dakika 8 hivi, ilhali iliyochomwa chini ya ngozi ilichukua dakika 34. Dawa nyingine zote ni za kusindikiza. Hili inabidi lisemwe bila kuzunguka, kwa sababu kabati la huduma ya kwanza la shule, kama lipo, lina piritoni, na huko ndiko mkono hukimbilia. Piritoni hutuliza muwasho, mabaka yanapungua, mwalimu anashusha pumzi, na wakati huohuo koo la mtoto linaendelea kuziba, kwa kuwa dawa hiyo haifungui koo wala haipandishi shinikizo lililoshuka. Kibaya zaidi ni kikombe cha maziwa. Imani kwamba maziwa hukata sumu imeenea sana, na mtoto anayevimba ghafla baada ya kula huweza kunyweshwa maziwa bila mtu kuuliza kama maziwa ndiyo yaliyomdhuru. Hata kama siyo, mtoto ambaye koo lake linafunga hanyweshwi kitu.

Pingamizi la kwanza, na lina uzito wake, ni kwamba huu ni ugonjwa wa wenzetu. Shule zetu zina madarasa yenye watoto mia, vyoo havitoshi, malaria ipo. Kwa nini tuhangaikie mzio? Takwimu zinampa mwenye pingamizi nusu ya anachotaka. Katika jiji la Melbourne, Australia, zaidi ya mtoto 1 kati ya 10 wa umri wa mwaka mmoja alithibitika kuwa na mzio wa chakula. Afrika Kusini, watafiti waliopima watoto wadogo kwa njia hiyohiyo ya kuwalisha chini ya uangalizi wa daktari walikuta asilimia 2.5 mjini Cape Town na asilimia 0.5 tu vijijini, Eastern Cape. Kijijini, basi, tatizo ni dogo. Lakini tofauti hiyo ya mara tano iko ndani ya nchi moja ya Kiafrika, na inakwenda sambamba na maisha ya mjini, nako mjini ndiko watoto wetu wanakohamia. Isitoshe, takwimu hizo ni za chakula peke yake. Nyuki hachagui mji wala ada, na mzinga kwenye mwembe wa shule au chini ya kenchi za darasa ni jambo la kawaida kabisa.

Mwenye pingamizi anaweza kuongeza kwamba hata huko ulikojaa, mzio huua wachache. Kweli. Uingereza ilihesabu vifo 152 vilivyoelekea kusababishwa na anafilaksia ya chakula kati ya 1998 na 2018, wakati ambapo watu waliolazwa hospitalini kwa sababu hiyo walikuwa wakiongezeka kila mwaka. Sehemu ya waliofariki kati ya waliolazwa ilishuka kutoka asilimia 0.7 hadi asilimia 0.19. Katika kipindi hichohicho idadi ya kalamu za adrenalini, yaani sindano zenye dozi tayari ambazo mtu hujichoma mwenyewe, zilizoandikwa na madaktari iliongezeka zaidi ya mara nne. Sidai kwamba kalamu ndizo zilizoshusha vifo. Utambuzi na matibabu ya hospitali navyo viliboreka. Ninachodai ni kwamba uchache huo ni wa mahali ambapo dawa iko karibu, gari la wagonjwa linakuja na daktari anaijua hali anayoikuta. Kuuchukua uchache uliopatikana kwa kujiandaa na kuutumia kama sababu ya kutojiandaa ni hesabu ya ajabu. Na kwetu, mtoto aliyeanguka akibanwa kifua ni rahisi kuandikwa kwamba alikufa kwa pumu, au kusemwa mtaani kwamba alilishwa kitu.

Pingamizi hilo lina punje nyingine ya kweli ambayo watetezi wa watoto hawa hupenda kuiruka. Kila mtu siku hizi ana aleji. Kuna aleji ya vumbi, ya chaki, ya sweta la sare, ya sabuni ya mche, na aleji ya dagaa inayojitokeza Jumanne, siku ya dagaa, na kupona Jumatano. Wengi wanaosema maziwa yanawadhuru hawana mzio. Miili yao haimeng'enyi vizuri sukari ya maziwa, jambo la kawaida kwa Waafrika wengi, na matokeo yake ni tumbo kujaa gesi na kuhara, adha isiyoua. Hata samaki ana mtego wake: jodari aliyekaa juani bila barafu hujaa histamini na kumtoa mlaji mabaka mekundu yanayofanana kabisa na mzio, ingawa kosa ni la samaki. Shule ikiandika wote hao kwenye orodha moja, orodha inakuwa na majina 80 na mpishi anaacha kuisoma. Mtoto mmoja ambaye kweli yuko hatarini anapotea katikati ya 79 ambao hawako.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya shule ni kuchuja, na kuchuja hakuhitaji maabara. Mzazi aulizwe maswali machache yenye jibu. Ilichukua muda gani tangu mtoto ale au aumwe hadi dalili zianze, ni dakika au ni siku? Je, pumzi ilibadilika, sauti ilikwaruza, midomo au ulimi ulivimba, alitapika, alizimia? Imetokea mara ngapi, na kwa kitu kilekile? Je, ana pumu? Swali la mwisho si la kujaza nafasi, kwa kuwa pumu isiyodhibitiwa ni miongoni mwa mambo yanayotangulia vifo vingi vya mzio wa chakula kwa vijana. Fomu za afya ambazo mwanafunzi wa bweni huja nazo kutoka kwa mganga huuliza mambo mengi, kuanzia macho hadi kifua. Kuongeza mistari minne kama hiyo ni kazi ya kalamu na karatasi, na anayejibu kwamba mtoto alivimba midomo na kubanwa pumzi ndani ya nusu saa aende kwa daktari, arudi na ukurasa mmoja wenye picha yake, kinachomdhuru, na hatua za kufuata kwa mpangilio.

Ukurasa huo ukishapatikana unapaswa kufika jikoni, na huko ndiko sera nyingi hazifiki. Chukua uji wa asubuhi. Shule inayopika uji wa mahindi au wa ulezi mtupu haina la kuficha. Unga wa lishe ni habari nyingine: humo mna mahindi, ulezi, mchele, soya, karanga, pengine na dagaa waliosagwa, na kila mwenye mashine ana mchanganyiko wake. Gunia la mwezi huu lina karanga. La mwezi ujao lina ufuta, kwa kuwa bei ya karanga imepanda. Gunia halina lebo, aliyeuza ndiye lebo, na mashine iliyosaga karanga za mteja wa asubuhi haioshwi kabla ya kusaga mahindi ya mteja wa mchana. Kisha kuna upawa. Mpishi aliye mbele ya masufuria mawili na foleni ya watoto 600 hana upawa wa maharage na upawa wa mchicha wa karanga. Ana upawa mmoja, unaoingia huku na kutoka kule. Mtoto aliyeambiwa achague maharage kwa usalama wake anapakuliwa maharage yenye karanga bila mtu yeyote kuvunja kanuni. Sahani nazo husuuzwa kwenye beseni moja ambalo maji yake, ifikapo sahani ya hamsini, yana kila kitu kilichopikwa siku hiyo.

Dawa ya jikoni ni rahisi kuliko inavyodhaniwa, ila lazima itokane na namna jiko linavyofanya kazi. Mtoto huyu apakuliwe wa kwanza, kabla upawa haujaanza safari. Awe na sahani na kikombe chake. Msagishaji aulizwe kilichomo kila gunia jipya linapoingia, na jibu liandikwe kwa chaki kwenye ukuta wa stoo. Hatua hizo hazihitaji bajeti, zinahitaji mpishi aliyeelezwa sababu; mpishi aliyepewa amri tu ataifuata wiki mbili. Jiko kubwa la pamoja lina nafuu na hatari yake. Mpango wa Dishi na County wa Nairobi, ulioanza mwaka 2023, hupika katika majiko makubwa na kusambaza shuleni, na mtoto hulipia mlo wa shilingi 5 kwa kugusisha bangili yake ya kielektroniki kwenye kifaa. Menyu moja inayojulikana ni kinga kwa kuwa viungo vinajulikana, lakini kosa moja jikoni linafika shule nyingi kwa saa moja. Na bangili inayomtambua mtoto kwa ajili ya shilingi 5 ingeweza pia kumtambua kwa ajili ya mzio wake, anayepakua akaona alama kabla ya kunyoosha mkono.

Wapo watakaosema haiwezekani kubadili utaratibu wa shule nzima kwa ajili ya mtoto mmoja. Shule zetu zimekuwa zikifanya hivyo kwa vizazi. Shule yenye Waislamu na Wakristo inajua nani amechinja. Wanafunzi Wasabato hawawekewi kambale na dunia haisimami. Mwezi wa Ramadhani shule za bweni huamsha wapishi usiku kwa ajili ya daku na kubadilisha saa za futari. Jiko linaloweza kuheshimu imani linaweza kuheshimu koo la mtoto, na tofauti pekee ni kwamba la kwanza limezoeleka.

Sasa marufuku. Kupiga marufuku karanga shule nzima kunavutia kwa sababu kunaonekana: bango linabandikwa getini, wazazi wanafarijika. Ushahidi hauko upande wake. Huko Massachusetts, Marekani, watafiti walilinganisha shule za umma kwa miaka kadhaa wakaona kwamba shule zilizozuia karanga zisiletwe hazikuwa na matukio machache ya kuchoma adrenalini kuliko zisizozuia. Kilichoonekana kusaidia ni kuwa na meza iliyotengwa ambapo karanga hazifiki. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2021 kuhusu mzio wa chakula shuleni ulipendekeza mafunzo kwa wafanyakazi, mipango ya maandishi kwa kila mtoto na akiba ya adrenalini, na ukasita kupendekeza marufuku ya shule nzima. Sababu si ngumu kuiona. Bango huwafanya watu wazima waamini hatari imekwisha. Tena karanga ni kitu kimoja tu kati ya vingi: katika zile takwimu za Uingereza, kitu kimoja kilichoua watoto wa umri wa shule kuliko kingine chochote kilikuwa maziwa ya ng'ombe. Nani atapiga marufuku chai ya maziwa?

Kwetu marufuku ina gharama ya ziada. Karanga ni protini ya bei nafuu, na anayezuiwa getini ni mama anayeuza kashata na karanga za kukaanga kwenye karatasi, ambaye biashara yake inalipia daftari za watoto wake katika shule hiyohiyo. Na kuna ushahidi unaoelekeza upande mwingine kabisa. Utafiti wa London uliotangazwa mwaka 2015 uliwafuatilia watoto 640 waliokuwa na dalili za kuelekea kwenye mzio. Walioanza kula karanga kabla ya kutimiza mwaka mmoja walipungukiwa na mzio wa karanga kwa takriban asilimia 80 walipofika miaka mitano, kulinganisha na walionyimwa. Huenda uji wa karanga ambao mama wengi wa huku huwapa watoto wachanga, bila kuagizwa na daktari, umekuwa ukifanya kazi hiyohiyo. Jamii ikianza kuiona karanga kama sumu, mazoea hayo ndiyo yatakayokufa kwanza.

Hoja kubwa dhidi ya kutegemea kuzuia, hata hivyo, ni kwamba hakuwezi kumlinda mtoto asiyejulikana. Massachusetts tena: kati ya mara 115 ambazo adrenalini ilitolewa katika shule zilizofuatiliwa kwa miaka miwili, karibu robo ilikuwa kwa watu ambao hakuna aliyejua kwamba wana mzio hatari. Wao hawakuwa na fomu, hawakuwa na picha jikoni, na wasingekuwa na kalamu mfukoni. Kilichowasaidia ni dawa ya shule. Ndiyo maana sheria za nchi kadhaa zimehamia huko. Marekani ilipitisha sheria ya shirikisho mwaka 2013 ya kuhamasisha majimbo kuziwezesha shule kuweka akiba ya adrenalini isiyo na jina la mtoto, na Uingereza ikaruhusu shule kununua kalamu bila cheti cha daktari kuanzia Oktoba 2017. Miezi mitatu kabla ya tarehe hiyo, mvulana wa miaka 13 wa London mwenye mzio wa maziwa alirushiwa kipande cha jibini shingoni na mwenzake, akafariki siku chache baadaye. Uchunguzi wa kifo chake ulionyesha kwamba kalamu yake iliyokuwa shuleni ilikuwa imepitwa na wakati kwa miezi 11. Hakuna awezaye kuapa kwamba kalamu mpya ingemwokoa. Lakini tazama ni vitu vingapi vilivyokuwepo: utambuzi, dawa yenye jina lake, shule iliyojua, na bado utani wa watoto ukapenya hadi kwenye tundu ambalo hakuna aliyelikagua.

Kwetu kalamu hizo zenyewe ni anasa. Takriban theluthi moja tu ya nchi za dunia huzipata sokoni, nyingi zikiwa tajiri, na hata Marekani pakiti ya kalamu mbili za EpiPen ilipanda kutoka dola 100 hivi mwaka 2007 hadi zaidi ya 600 mwaka 2016, mpaka Bunge likamwita mkuu wa kampuni kujieleza. Ila kilichomo ndani ya kalamu ni adrenalini ileile iliyo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu orodha ya kwanza ya mwaka 1977, inayouzwa katika ampuli ya miligramu 1 kwa mililita 1, kwa bei ya jumla ambayo kwa kawaida haifiki dola moja. Tofauti ya bei ni ya plastiki na springi. Tatizo la ampuli ni mkono. Simons huyohuyo aliwajaribu wazazi waliofundishwa kuvuta dozi kutoka kwenye ampuli: walitumia wastani wa sekunde 142, wauguzi wa dharura wakitumia 29, na dozi za wazazi zilitofautiana hadi mara 40. Huo ni ushahidi dhidi ya pendekezo langu na sitaufunika. Jibu lake lipo katika maandalizi. Kaunti ya King, jimbo la Washington, iliondoa kalamu kwenye magari yake na kuwapa wahudumu wa huduma ya kwanza kisanduku chenye dawa, bomba dogo na maelekezo ya dozi. Wahudumu hao, ambao hawakuwa wauguzi, walijifunza na wakaitumia ipasavyo. Dozi zenyewe ni chache za kukumbuka: nusu mililita kwa mwenye zaidi ya miaka 12, mililita 0.3 kwa wa miaka 6 hadi 12, nusu ya hiyo kwa aliye chini yake, na irudiwe baada ya dakika 5 kama hapati nafuu.

Hapo ndipo walimu huinua mkono: sisi si wauguzi. Ni pingamizi la haki, lakini mwalimu wa Afrika Mashariki amekwisha kutoa dawa nyingi kuliko anavyokumbuka. Tangu 2012 mpango wa kitaifa wa Kenya umekuwa ukiwapa watoto dawa za minyoo mashuleni kwa mikono ya walimu, mamilioni yao kila mwaka, na Tanzania hufanya vivyo hivyo. Kwa kichocho mwalimu hasomi hata mizani: mtoto husimama kando ya kijiti kilichochorwa mistari, na urefu wake unasema apewe vidonge vingapi vya prazikwanteli. Mfumo uliogeuza dozi kuwa mstari kwenye mti unaweza kugeuza dozi tatu za adrenalini kuwa rangi tatu kwenye kisanduku. Sindano inatisha kuliko kidonge, sikatai. Lakini adrenalini yenyewe tayari huingia getini. Timu za chanjo hutakiwa kuwa nayo mkononi kwa ajili ya mtu atakayepata anafilaksia baada ya kuchanjwa. Na tangu chanjo ya HPV ianze kutolewa kwa wasichana, Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, shule zimekuwa miongoni mwa vituo vyake vikuu. Siku ya chanjo dawa ipo shuleni. Jioni inaondoka na timu, na nyuki wanabaki.

Adrenalini si hatari? Kwenye paja la mtoto, kwa dozi hizo, hatari yake ni mapigo kwenda mbio, kutetemeka na kichwa kuuma kwa dakika kadhaa. Madhara makubwa huja inapodungwa moja kwa moja kwenye mshipa wa damu, jambo ambalo mwalimu hafundishwi na halipaswi kujaribiwa. Joto nalo lina jibu: haihitaji friji, inahitaji kivuli, giza na joto lisilozidi nyuzi 25, kwa hiyo mabati ya stoo ya Dodoma hayafai bali sehemu iliyo baridi kuliko zote katika ofisi, ikiwezekana ndani ya chungu, na dawa iliyogeuka rangi ya kahawia hutupwa. Kufuli ndilo adui mkubwa zaidi. Funguo ya kabati iko kwa mwalimu wa afya, na mwalimu wa afya yuko semina.

Na bodaboda. Kila mtu atasema zahanati iko karibu, tumkimbize. Pumphrey katika utafiti mwingine alibaini vifo vilivyotokea muda mfupi baada ya mgonjwa aliyekuwa amelala kuinuliwa akae au asimame, kwa kuwa damu huishia miguuni na moyo hubaki hauna cha kusukuma. Mtoto anayekimbizwa mshikaki, kabanwa wima kati ya dereva na mwalimu kwenye njia ya makorongo, yuko katika mkao uleule. Achomwe kwanza, alazwe miguu ikiwa juu, au aachwe akae kidogo kama anabanwa pumzi, kisha usafiri utafutwe: pikapu, bajaji, gari la padri, chochote ambacho ataweza kulala ndani yake.

Linabaki suala la nani awajibike, na hapa nchi zetu hazifanani. Mwalimu akichoma sindano na mambo yakaharibika, anataka kujua nani atasimama naye, na majimbo mengi ya Marekani yaliweka kinga ya kisheria kwa anayetoa dawa hiyo kwa nia njema kwa sababu bila hiyo wengi wangesita. Tanzania ina nafasi nzuri isiyotumika: shule za msingi na zahanati za serikali ziko chini ya TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, na mwalimu mkuu na mganga wa zahanati wanawajibika kwa mkurugenzi mmoja wa halmashauri. Waraka mmoja unaweza kuruhusu, kuagiza na kukinga. Unaweza pia kumaliza tatizo la kupitwa na wakati: zahanati ikabidhi shule ampuli mbili, na miezi sita kabla ya tarehe yake kuisha ikazichukua na kuleta nyingine, zile za zamani zikatumika wodini zingali nzima. Kenya ni ngumu zaidi. Afya ni ya kaunti tangu 2013, walimu ni wa serikali kuu, na sanduku la shule ya msingi litahitaji sahihi za serikali mbili ambazo hazipatani hata kuhusu mishahara ya madaktari. Lakini chekechea ni za kaunti, na zahanati ni za kaunti. Gavana yeyote anaweza kuanzia huko bila kumwomba mtu ruhusa, na huko ndiko waliko watoto wa miaka minne, ambao bado hawawezi kumweleza mwalimu kwamba koo lao linaziba.